Urembo Ndio Joto: Glavu za Selbu

Selbu ni wilaya ndogo ya watu wapatao 4,000 katikati ya Norway, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka mji wa Trondheim. Ina ziwa refu, misitu ya misonobari, kanisa la mawe la karne ya 12, na milima ambayo kwa mamia ya miaka wanaume walichonga humo mawe ya kusagia nafaka. Hata mtu ambaye hajawahi kusikia jina la mahali hapo huenda ameshaiona kazi ya mikono ya wenyeji wake: ile glavu ya sufu, nyeusi na nyeupe, yenye waridi la petali nane mgongoni. Waridi hilo limenakiliwa kwenye sweta, soksi, vikombe na karatasi za kufungia zawadi za Krismasi sehemu nyingi za dunia. Wilaya yenyewe imeliweka kwenye nembo yake.

Glavu ninayoizungumzia si ile ya vidole vitano. Kidole gumba kina chumba chake, na vidole vinne vilivyobaki hukaa pamoja vikipashana moto. Kwenye baridi ya digrii 15 chini ya sifuri, kidole kilichovishwa peke yake hufa ganzi upesi. Vikikaa pamoja huvumilia. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwahi kukanyaga theluji, lakini glavu hii wangeielewa mara moja.

Nataka kuieleza kazi hii taratibu, maana ndani yake mna jambo ambalo halionekani ukiitazama glavu kupitia kioo cha duka. Mtu akiiona hudhani kwamba fundi alitengeneza kwanza kitu cha kukinga baridi, kisha akakipamba. Sivyo. Nakshi ya glavu ya Selbu haikuongezwa juu ya joto. Nakshi ndiyo joto lenyewe.

Tuanze na giza, kwa sababu ndilo linalowapa watu muda. Naishi Trondheim, karibu digrii 63 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa nne asubuhi, na ikifika saa nane u nusu mchana limeshazama. Katikati ya hapo halipandi juu. Hupita chinichini kwenye upeo wa macho, kivuli cha mtu kikawa kirefu saa sita mchana kama cha jioni. Watoto huamka gizani na kurudi gizani. Chakula kikuu huliwa mapema, saa kumi au kumi na moja, na baada ya vyombo kuoshwa zinabaki saa kadhaa ambazo hakuna mtu mwenye haraka ya kwenda popote. Kuni zinawaka kwenye jiko la chuma, nguo za watoto zenye theluji zimetundikwa zikauke, mmoja anapanga vipande vya picha ya fumbo mezani, mwingine anafanya kazi za shule. Hapo ndipo kikapu cha uzi kinapovutwa karibu na kiti.

Kikapu ninachokijua zaidi ni cha jirani yangu, mama wa miaka sabini na ushei ambaye kwao ni Selbu. Hufuma akiwa anazungumza, anatazama habari, anamsikiliza mjukuu akisoma kwa sauti. Mara chache huinamisha macho kwenye kazi. Mikono yake inajua ilipo.

Kabla ya sindano kuna kondoo. Norway ina kondoo wa asili wenye mkia mfupi, waitwao spælsau, ambao manyoya yao yana tabaka mbili: la juu ni refu, gumu na lenye kung'aa, linalomwaga mvua, la chini ni fupi na laini, linaloshika hewa. Nyeusi na nyeupe ni rangi ambazo kundi la kondoo hutoa bila mtu kutia dawa ya rangi. Unyoya wa sufu umejikunja kwa asili, hivyo unyoya mmoja hauwezi kulala bapa juu ya mwingine. Kila mara hubaki nafasi, na nafasi hiyo hujaa hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Sufu pia hunywa unyevu, hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, bila aliyeivaa kuhisi kwamba imelowa. Mtoto anayefinyanga mipira ya theluji hutokwa jasho ndani ya glavu na kupata maji nje yake. Pamba ingekuwa imeshageuka kitambaa baridi cha kupigia deki. Sufu bado inamlinda.

Uzi wa glavu hizi si ule mnene, laini, wa kuvutia shavu. Ni mwembamba kiasi, umesokotwa kwa nguvu, na ukiushika unakwaruza kidogo. Mgeni dukani huupita akaenda kwenye mabonge laini. Mfumaji wa Selbu huuchukua huohuo, kwa sababu uzi laini mno huchakaa upesi kwenye kiganja, na kiganja ndicho kinachoshika fimbo za kuteleza kwenye theluji, koleo la kufagilia theluji mlangoni na kamba ya kuvutia kigari cha mtoto.

Sindano ni tano, fupi, zenye ncha pande zote mbili. Nne hushika vitanzi vilivyopangwa kwa umbo la mraba. Ya tano ndiyo inayofanya kazi, ikimaliza upande mmoja huachia sindano nyingine nayo ishike zamu. Kwa njia hiyo glavu hufumwa kwa mzunguko tangu kwenye kifundo cha mkono hadi nchani, bila mshono wa kuunganisha mahali popote. Pindo huja kwanza. La mwanamume na la mwanamke hayafanani, na wanaojua hutambua glavu ni ya nani kwa kutazama pindo pekee kabla hata ya kufika kwenye waridi.

Pindo likiisha, uzi wa pili unaingia, na hapa ndipo kazi inapokuwa ya kutazamwa kwa makini. Jirani yangu hupitisha nyuzi zote mbili juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mweusi na mweupe, sambamba. Wengine huvaa pete ndogo yenye matundu mawili ili nyuzi zisipandane. Sindano ya mkono wa kulia huingia kwenye kitanzi, hudona uzi unaotakiwa, hutoka nao. Mweupe, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mweusi. Uzi ambao hauhitajiki kwa wakati huo haukatwi. Hupita nyuma ya kazi, umelala, ukingoja zamu yake. Kwa hiyo kila mahali kwenye glavu kuna uzi mmoja unaoonekana mbele na mwingine uliopita nyuma.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asitumie uzi mmoja mnene akamaliza mapema, kama nia ni kuzuia baridi. Hakujibu. Aliichukua glavu iliyokamilika, akaigeuza ndani nje, akanipa. Upande ule waridi lilionekana kwa kinyume, limefifia, na juu yake zilipita nyuzi fupi fupi zilizolala kwa mlalo, safu juu ya safu, zimefunika kila sehemu. Nilipoingiza mkono nikaelewa. Kitambaa kilikuwa na unene wa mara mbili, na kati ya tabaka ya mbele na nyuzi za nyuma mlikuwa na hewa. Bila nakshi pasingekuwa na haja ya uzi wa pili. Bila uzi wa pili pasingekuwa na tabaka ya pili. Ua limeshona bitana yake lenyewe.

Ukishalijua hilo, kila kipengele cha nakshi huanza kujieleza. Tazama kiganja. Kwa nini nakshi zake ni ndogo ndogo, zilizobanana, wakati mgongoni kuna waridi kubwa lenye nafasi? Kwa sababu nakshi ndogo hubadilisha rangi kila baada ya kitanzi kimoja au viwili, na rangi ikibadilika mara kwa mara, uzi wa nyuma haupati nafasi ya kwenda mbali bila kushikwa. Kitambaa hubana, huwa kigumu, hustahimili kusuguliwa. Nakshi iliyobanana imewekwa pale panapochakaa.

Tazama pia nukta moja nyeupe katikati ya eneo jeusi la petali. Macho huiona kama pambo, na ni pambo kweli. Lakini bila nukta hiyo uzi mweupe ungepita nyuma ya vitanzi vingi vyeusi bila kushikwa, ukaacha kamba iliyolegea ambayo kidole cha mtoto kingeinasa kila anapovaa. Nukta ndiyo kigingi. Wafumaji wengi hawapendi uzi wa nyuma uruke zaidi ya vitanzi vitano hivi. Ukizidi, lazima uzungushwe na mwenzake katikati ya safari ili ushikwe. Aliyebuni nakshi nzuri alilijua sharti hilo, akaweka nukta zake mahali ambapo uzi ungechoka.

Ugumu wenyewe uko kwenye mvuto. Uzi wa nyuma ukivutwa sana, kitambaa hujikunyata, waridi linabanwa na glavu haiingii mkononi. Ukiachwa mno, vitanzi vya mbele hulegea na ua linapoteza ukingo wake. Kipimo hakiandikwi kwenye mchoro wowote. Jirani yangu kila baada ya vitanzi kadhaa hutandaza vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia kwa kidole gumba, kitendo kidogo cha nusu sekunde, ili uzi wa nyuma uwe na urefu unaostahili kabla hajaendelea. Hakifikirii tena, na ukimwomba akuonyeshe anavyofanya, lazima asimame kwanza ajitazame.

Kuna siri nyingine ndogo zaidi. Kati ya nyuzi mbili zinazopita nyuma, mmoja hupita chini ya mwenzake. Ule wa chini hutoa vitanzi vinavyojitokeza mbele kwa kiasi kidogo sana. Basi mfumaji huamua mapema rangi gani ni ua na ipi ni uwanja, akaweka rangi ya ua chini, na haibadilishi hadi mwisho. Akibadilisha katikati kwa kusahau, hakuna kitanzi kitakachokuwa kimekosewa, hesabu yote itakuwa sahihi, lakini nusu ya waridi itaonekana imesimama na nusu imelala. Mtu wa kawaida atasema kuna kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini. Mfumaji atajua ni mzunguko upi.

Baada ya hapo kinakuja kidole gumba. Hakibandikwi kama mfuko pembeni. Huanza na kitanzi kimoja au vitatu chini ya kiganja, kisha kila baada ya mizunguko michache vitanzi huongezwa pande mbili, hadi patokee kipande cha pembetatu kinachopanuka sawasawa na nyama ya mkono inavyopanuka kuelekea kidole. Pembetatu hiyo nayo ina nakshi yake, ambayo lazima ikue pamoja nayo: safu ya tatu ina vitanzi vitano, ya sita ina saba, na ua dogo ndani yake bado linatakiwa kuwa na pande zinazolingana. Ikifika kimo, vitanzi hivyo huwekwa kando kwenye uzi mwingine vingoje, na mwili wa glavu unaendelea kupanda.

Nchani, vitanzi hupunguzwa kwenye mbavu zote mbili, na ukanda mwembamba wa ubavuni hubaki bila kuvunjika hadi juu kabisa. Uwanja wa waridi unazidi kuwa mwembamba, nakshi inajipunguza, na glavu inafunga kwa ncha. Vitanzi vichache vya mwisho hupitishiwa uzi na kukazwa. Chukua glavu yenye vitanzi 60 kwa mzunguko na mizunguko 70: hapo pana vitanzi 4,200. Ongeza kidole gumba, zidisha kwa mikono miwili, unavuka 9,000 kwa jozi moja. Kila kimoja kilichaguliwa kiwe cheusi au cheupe.

Halafu kuna glavu ya pili. Wasiofuma hudhani ndiyo rahisi, kwa kuwa njia imeshajulikana. Wafumaji watakwambia ndiyo inayopima moyo. Hakuna tena cha kugundua. Kilichobaki ni kurudia bila kurudia vilevile, kwa sababu kiganja na mgongo wa glavu vina nakshi tofauti, kwa hiyo kidole gumba cha kushoto kinakaa upande mwingine. Mvuto wa mkono nao lazima uwe uleule wa wiki iliyopita, mfumaji akiwa amechoka au ana furaha. Jozi ikikamilika huoshwa kwa maji ya vuguvugu, hukamuliwa bila kusokotwa, na kutandazwa kwenye ubao wenye umbo la mkono ili ikauke ikiwa imenyooka. Waridi ambalo lilikuwa na mikunjo midogo hutulia.

Sisi wa pwani tuna pa kulinganishia. Kofia ya vito ya Lamu au Unguja hushonwa kwa miezi, na vishimo vyake vidogo vinavyofanya nakshi ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani kwenye joto la kaskazi. Kule uzi unazungushwa ili hewa ipite, huku uzi unaongezwa ili hewa isipite. Mahitaji ni kinyume, akili ni ileile: fundi hakutenganisha uzuri na kazi.

Simulizi ya Selbu ina mwanzo wenye jina. Marit Guldsetbrua, ambaye baadaye aliitwa Marit Emstad, alizaliwa mwaka 1841. Mwaka 1857, akiwa bado msichana, alifuma glavu za rangi mbili zenye waridi la petali nane, na Jumapili moja yeye na dada zake wakazivaa kwenda kanisani. Watu waliziangalia. Waridi lenyewe halikuwa geni; umbo hilo la petali nane lilikuwa limeshakaa kwenye vitambaa vya nchi nyingi kwa karne nyingi. Alichofanya Marit ni kulileta kwenye glavu, kwa rangi mbili, kwa vipimo vya mkono, na kulivaa mbele ya kanisa zima mahali ambapo kila mwanamke alijua kufuma na aliweza kuhesabu vitanzi kwa macho akiwa amekaa kwenye benchi lake.

Kwa kasi hiyo ya macho na vidole, nakshi ilienea. Arusi za Selbu ziliichochea: ilikuwa desturi bibi arusi atoe glavu na soksi za kufuma kwa ndugu wa bwana arusi na wageni, kwa hiyo msichana na wanawake wa kwao walifuma kwa miaka kabla ya siku yenyewe. Ukitoa glavu mbele ya mawifi watarajiwa, wote wafumaji, hutoi kazi ya ovyo. Mashindano hayo ya kimyakimya ndiyo yaliyozaa nakshi nyingi. Mtafiti Anne Bårdsgård, aliyezikusanya glavu za zamani na kuzichora, alichapisha kitabu mwaka 2016. Toleo lake la Kiingereza lina michoro zaidi ya 500.

Kisha ukaja wakati wa fedha. Mwishoni mwa karne ya 19 glavu zilianza kuuzwa nje ya wilaya, na kazi ya kuchonga mawe ya kusagia ilipofifia, sufu ikaziba pengo kwenye kaya nyingi. Katika miaka ya 1930, wakati wa hali ngumu ya uchumi, Selbu ilitoa karibu jozi 100,000 kwa mwaka. Ukiigawa hesabu hiyo kwa kaya za wilaya ile, unaona kwamba haikuwa burudani ya bibi kando ya jiko. Nyumba nzima ilifuma, na malipo hayakuwa makubwa. Soko kubwa lilileta pia kazi ya haraka haraka, uzi hafifu, nyuma kulikolegea. Mwaka 1934 ikaanzishwa taasisi ya pamoja ya kukusanya, kukagua na kuuza glavu, ili jina la Selbu lisiharibiwe na jozi mbaya. Nautaja upande huu kwa sababu sifa za kazi ya mikono mara nyingi husahau kwamba mikono hiyo ilikuwa na njaa. Uzuri wa glavu za miaka ile ulilindwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kulipua kazi.

Leo hakuna kaya ya Selbu inayokula kwa glavu, na bado zinafumwa. Kufuma hufundishwa shuleni nchini Norway, wavulana kwa wasichana. Mwezi Novemba 2013 shirika la utangazaji la taifa, NRK, lilirusha moja kwa moja usiku kucha kipindi cha kundi la watu waliojaribu kuvunja rekodi ya Waaustralia ya kumnyoa kondoo, kusokota sufu yake na kuifuma sweta. Waaustralia walikuwa wametumia chini ya saa 5. Wanorwei walitumia zaidi ya saa 8. Rekodi haikuvunjwa, na watu walitazama. Nchi ambayo inaweza kukaa kitako ikaangalia uzi ukisokotwa usiku wa manane imeshaamua jambo kuhusu muda.

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi huku, na wengi wao ni familia za Kikongo zilizokuja kama wakimbizi, hukutana na sufu kupitia watoto. Shule ya chekechea huwatoa watoto nje kila siku, theluji iwepo isiwepo, na mzazi hupewa orodha ya mavazi: sufu karibu na ngozi, suruali ya kuzuia maji, soksi za sufu, glavu za akiba, kila kitu kiandikwe jina. Mzazi mgeni huona ni ukali. Baada ya majira ya baridi mawili au matatu anaona mtoto wake akiburuta kibao cha kutelezea mlimani huku mashavu yamewiva na vidole vimekunjuka, basi naye huanza kuuliza glavu zile zinapatikana wapi na nani anaweza kumfundisha.

Na glavu ya kufumwa ina uaminifu ambao ya kiwandani hukosa: huwa bora kwa kutumika. Jasho, theluji na msuguano hufanya manyoya ya sufu yashikane. Baada ya msimu mmoja zile nyuzi za ndani hazinasi tena kidole. Zimegandamana zikawa utando mmoja laini, na nje kitambaa kimebana kiasi kwamba upepo unapata taabu kupenya. Kidole gumba kikitoboka, hufumuliwa chenyewe na kufumwa kipya, na mwili wa glavu unaendelea. Jirani yangu ana jozi ambayo kidole gumba kimoja ni cheusi zaidi ya glavu yenyewe. Haoni haya juu yake. Uzi wa zamani ulipauka, mpya haujapauka, na mkono ulio ndani una joto.

Mashine pia hufuma waridi, na maduka ya Oslo na Trondheim yamejaa glavu nyeusi na nyeupe za bei nafuu kwa ajili ya watalii. Sizilaumu, mkono wenye baridi huchukua kinachopatikana. Lakini ukipata nafasi ya kununua iliyofumwa kwa mkono, usiishie kutazama ua. Igeuze ndani nje mbele ya muuzaji. Angalia kama nyuzi za nyuma zimelala sawa, hazijakaza wala kuning'inia. Ingiza mkono uone kama kidole kinanasa. Vuta kidogo kwenye pembe ya kidole gumba uone kama pana tundu. Weka glavu moja juu ya nyingine na ulinganishe ncha. Ikipita majaribio hayo manne, lipa bei iliyoandikwa na usiombe upunguziwe. Hapo hakuna cha kupunguza.